Mugo Alikiri, Lakini Nani Alilipa?

Nianze kwa kuungama. Ninao mswada wa riwaya, kaunta buku mbili zilizojaa, na kwenye ukurasa wa mwisho wa ile ya pili nilimwua mhusika wangu mkuu kwa daladala. Jamaa alikuwa ameiba rambirambi za msiba wa jirani yake. Jumapili akasimama kanisani, akaungama mbele ya watu, akalia. Jumatatu alfajiri, akivuka barabara, daladala ikampitia. Mwisho. Niliona nimefunga kazi.

Nilipousoma ukurasa huo kijiweni kwetu, pale tunapokutana Jumamosi kusomeana kazi, watu walikaa kimya kidogo, kisha mshikaji mmoja akauliza: "Sasa huyo dereva wa daladala ndiye Mungu, au vipi?" Wakacheka mpaka benchi likataka kuvunjika. Na mimi nikacheka nao, lakini nilirudi nyumbani nimenuna, na kwa wiki mbili sikushika kalamu. Maana swali lilikuwa la kweli. Kama mtu kashaungama, na Mungu wake kamsamehe kama anavyodai, kwa nini mwandishi amwue? Na kama asipouawa, wale wafiwa walioibiwa wanapata nini?

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iitwayo A Grain of Wheat, yaani punje ya ngano. Nilikuwa nimeinunua siku nyingi, kikuukuu kisicho na jalada, kwa muuza vitabu anayetandaza chini kule mjini. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kwa hiyo niliisoma polepole, kamusi pembeni, mara mbili nzima. Mimi si mchungaji wala sikusoma theolojia. Hata hivyo nadai kwamba riwaya hiyo, iliyotoka mwaka 1967, imelishika suala la upatanisho na la kuhesabiwa haki kwa imani kuliko mahubiri mengi niliyowahi kuyasikia, tena ina somo kubwa kwetu sisi tunaojifunza kuandika.

Kwanza tuelewane maneno. Mtume Paulo, katika waraka wake kwa Warumi, anafundisha kwamba binadamu hawi mwenye haki mbele za Mungu kwa kutimiza sheria, bali kwa kumwamini Kristo aliyekufa kwa ajili yake. Mfano wake mkubwa ni Ibrahimu, ambaye alimwamini Mungu, na imani hiyo ikaandikwa upande wake kuwa ni haki. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walichagua kusema "kuhesabiwa haki". Ndugu msomaji, liangalie vizuri neno hilo. Ni lugha ya daftari la mkopo la dukani. Mangi anafungua ukurasa wenye jina lako: sukari, sabuni, mchele, deni limefika shingoni. Halafu unaambiwa limefutwa lote, na zaidi ya hapo imeandikwa akiba ambayo hukuiweka wewe. Hukuifanyia kazi. Uliambiwa, ukaamini, ukapokea.

Martin Luther alisimulia mwaka 1545, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, kwamba zamani alilichukia neno hilo la haki ya Mungu, kwa sababu alilielewa kuwa ni haki ya hakimu anayeadhibu. Alipokuja kulielewa kuwa ni haki ambayo Mungu humpa mtu bure kwa imani, alijiona kama amefunguliwa mlango wa peponi. Sawa. Lakini kama deni limefutwa, nani kalifidia? Hapo ndipo mafundisho ya upatanisho yanapoingia, na Wakristo hawajawahi kukubaliana kwa maelezo mamoja. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, alimaliza mwaka 1098 kitabu kinachoieleza dhambi kama deni la heshima ya Mungu, ambalo mwanadamu anadaiwa ila hana uwezo wa kulilipa. Wengine wameona msalabani ushindi dhidi ya mauti na shetani, wengine wameona upendo unaomlainisha mwenye dhambi. Karibu wote wanakubaliana jambo moja: wokovu ni bure kwa anayepokea, ila haukuwa bure kwa aliyeutoa.

Sasa Kiswahili chetu kina mtego hapa. Neno "haki" kanisani ni unyofu wa mtu mbele za Mungu. Mtaani, "haki yangu" ni kile ninachokudai. Mkosaji anapotangaza kwamba amehesabiwa haki, aliyekosewa naye anauliza: na haki yangu je? Ni neno lilelile, kinywani mwa watu wawili wanaotazamana. Nadhani riwaya ya Ngũgĩ imesimama hapo hapo katikati yao.

Kwa asiyeisoma, hadithi ni hii. Tuko katika kijiji cha Thabai, Kenya, siku chache kabla ya uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963. Wanakijiji wanamtafuta mtu wa kuhutubia siku hiyo, wanamchagua Mugo. Ni mkimya, hana mke wala ndugu, aliteswa kizuizini wakati wa hali ya hatari na watu wanamwona shujaa. Wasichojua ni kwamba Mugo ndiye aliyemsaliti Kihika, mpiganaji wa msituni aliyenyongwa na wakoloni. Kihika alimwijia usiku kibandani akitaka kumwingiza kwenye mapambano, na Mugo, aliyetaka tu kuachwa na maisha yake, akaenda ofisini kwa Thompson, ofisa wa kikoloni, akamtaja. Wanaokijua kisa cha usaliti wanamshuku mwingine, Karanja, aliyewatumikia wakoloni waziwazi, na wamepanga kumfichua siku ya sherehe. Siku inafika, mkutano umejaa, na Mugo anasimama na kusema: ni mimi.

Kuna sentensi chache baada ya kukiri kwake ambazo nilizirudia mara nyingi. Mwandishi anatuambia kwamba maneno yalipomtoka, Mugo alijisikia mwepesi, kama mzigo wa miaka umetuliwa mabegani. Halafu anaongeza kwamba hali hiyo ilidumu kwa dakika moja tu. Hapo nilikumbuka kitabu kingine chenye mzigo, The Pilgrim's Progress cha John Bunyan, kilichotoka Uingereza mwaka 1678. Bunyan alikuwa fundi wa kuziba vyombo vya bati na shaba, hakusoma shule ndefu, na alifungwa miaka kumi na mbili kwa kuhubiri bila idhini. (Wenzangu wa kidato cha nne, tusikate tamaa.) Msafiri wake anabeba mzigo mgongoni, anapofika mbele ya msalaba unaanguka wenyewe, unabingirika mpaka ndani ya kaburi, hauonekani tena. Hakuufungua yeye. Hiyo ndiyo kuhesabiwa haki kwa imani, imechorwa kwa picha ambayo hata mtoto anaielewa.

Kwa nini basi mzigo wa Mugo uliondoka kwa dakika moja tu? Wapo watakaosema ni kwa sababu Ngũgĩ hakuwa mtu wa kanisa. Ni kweli kwamba mwaka 1970 alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki na kutamka kwamba yeye si Mkristo. Lakini jibu hilo ni la haraka mno. Mtu aliyeipa riwaya yake jina kutoka Injili ya Yohana, na kuitangulizia baadhi ya sehemu zake kwa mistari ambayo Kihika ameipigia msitari kwenye Biblia yake, hakuwa anacheza na dini. Mimi naona sababu iko ndani ya hadithi yenyewe. Baada ya Mugo kusema, hakuna mtu aliyemjibu. Umati ulinyamaza, ukampisha apite, watu wakatawanyika. Aliungama kwa watu wote kwa pamoja, na kwa sababu hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyebeba kazi ya kusema neno la pili. Msafiri wa Bunyan alikutana na waliomwambia kwamba dhambi zake zimesamehewa. Mugo alikutana na Jenerali R., aliyekuja kumchukua kwa hukumu ya usiku. Akauawa.

Hapa nataka kubishana na usomaji mmoja ambao hata mimi niliuamini mara ya kwanza. Usomaji huo unasema Mugo ndiye punje ya ngano: kaanguka, kafa, kijiji kitazaa matunda. Ati amelipa, hesabu imefungwa. Nikauliza: kafungiwa na nani? Mwishoni kuna sura fupi ambamo wazee Warui na Wambui wamekaa siku ya mvua. Wambui ni mmoja wa walioshiriki kumhukumu Mugo. Hana furaha wala utulivu wa mtu aliyelipwa deni. Anawaza kwamba pengine hawakupaswa kumhukumu. Ngũgĩ hata hakutuonyesha mauaji yenyewe, na nadhani alifanya vizuri, kwa sababu angetuonyesha tungepata ile raha ya msomaji anayeona mwovu kapatikana. Badala yake tunaona chumba chenye baridi na watu wawili wasiojua la kufanya na haki waliyoichukua. Daladala yangu iliwanyima wasomaji jambo hilohilo: iliwapa mwisho, ikawaficha waliobaki.

Mtazame na Karanja. Mugo alipokiri, Karanja aliponea pale pale. Lawama iliyokuwa imwangukie yeye ilimwangukia mwingine aliyejitoa kwa hiari. Ukitaka mfano wa mtu aliyeokolewa bila jasho lake, huyu hapa, ndugu wa Baraba. Je, ilimsaidia nini? Anaondoka kijijini, anasimama karibu na njia ya reli, treni inampitia mbele yake kwa kishindo, naye anabaki mtupu vilevile. Kaokolewa ila hakupokea kitu. Ndipo nilipoelewa kwa nini Paulo anasisitiza imani. Nilikuwa nikidhani imani ni sharti dogo la kujaza fomu. Kumbe bila mkono unaopokea, hata kilicholipiwa kinabaki nje mlangoni.

Na Mumbi je? Huyu ni dada wa Kihika, yaani ndiye mwenye madai. Kama kuna mtu mwenye haki ya kusema "haki yangu", ni yeye. Na kabla ya mkutano ule, Mugo alikwishamwambia ukweli yeye peke yake. Mumbi alifanya nini? Hakwenda kumchongea. Hakutaka damu ya mtu mwingine imwagike kwa ajili ya kaka yake. Kwenye riwaya yenye majenerali na wahubiri, huyu ndiye ninayemwona akifanya kazi ya upatanisho. Alilishika deni, akaamua kutolidai kwa damu, na maumivu ya kutolidai akabaki nayo yeye.

Nina sababu ya kumwelewa Mumbi, na ndiyo inayonifanya nishindwe kuliandika suala hili kwa ubaridi. Kaka yangu aliuza cherehani ya mama. Ilikuwa ndiyo inayotulisha. Mama alikuwa ameinunua kwa fedha za upatu, alipokea mapema, bado miezi saba ya kuchangia. Kaka akatokomea. Alirudi mwaka uliofuata ameokoka, shati limepigwa pasi, na Jumapili akatoa ushuhuda. Akataja cherehani. Kanisa zima likapaza sauti za shangwe. Nilimtazama mama. Alikuwa amekaa, mikono mapajani, hakupiga makofi.

Njiani nilimuuliza, "Mama, umemsamehe?" Akasema, "Mwanangu, mimi nilimsamehe mwezi wa kwanza. Ile miezi saba nilikuwa nalipa nini?"

Nilichelewa kuelewa. Kumbe kila mwezi, alipokuwa akienda kutoa mchango wa upatu kwa ajili ya cherehani isiyokuwemo ndani, alikuwa akimlipia kaka deni lake. Sisi kanisani tulishangilia ule upande wa daftari uliofutwa. Upande wa pili wa daftari ulikuwa umekaa kimya kwenye benchi la tatu.

Simsemi kaka vibaya. Naamini aliokoka kweli. Wala sitaki kusema kwamba mtu asiungame hadharani. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa kuungama mbele ya watu, na Ngũgĩ aliujua. Ndani ya riwaya hii yumo mchungaji aliyejiunga nao. Lakini wale ndugu wa uamsho walikuwa pia na desturi ya kumwendea waliyemkosea na kumrudishia walichochukua. Hawakurudisha ili wahesabiwe haki. Walirudisha kwa sababu tayari wameshahesabiwa. Tofauti hiyo ni nyembamba kama uzi, ila mafundisho yote ya Paulo yananing'inia hapo. Ukiivuka upande huu, unanunua msamaha. Ukiivuka upande ule, unamfanya Mungu kichaka cha kujificha mwenye deni.

Ndiyo maana napenda namna riwaya inavyoishia na Gikonyo, mume wa Mumbi. Naye ana lake. Kizuizini alikiri kiapo ili aachiwe arudi kwa mkewe, na aliporudi akamkuta ana mtoto wa Karanja. Miaka inapita hasemi naye, hamtazami mtoto. Ni yule mtumwa wa mfano wa Yesu katika Mathayo, aliyefutiwa deni kubwa akamkaba koo mwenzake kwa deni dogo. Mwishoni yuko hospitalini, kavunjika mkono siku ya uhuru, na katika kusikia kisa cha Mugo moyo wake umelainika. Anataka warudiane. Msomaji wa hadithi zetu za magazetini angetegemea Mumbi aanguke kifuani. Hafanyi hivyo. Anamjulisha kwamba yaliyopita si ya kufunikwa upesi, kwamba wanahitaji kukaa, kuzungumza na kufunguliana mioyo. Gikonyo, aliye seremala, anabaki akifikiria kigoda atakachomchongea.

Kigoda hicho si malipo. Hakuna kigoda kinacholipa miaka ile, na Mumbi hajakiomba. Ni kazi ya mtu aliyeona kwamba mlango haukufungwa. Sijakutana na picha nzuri kuliko hiyo ya matendo yanayokuja baada ya msamaha, wala si kabla yake. Na ona kwamba "kupatana" kwa Kiswahili ni kazi ya watu wawili. Hupatani peke yako, hata kama umelia kwa sauti kiasi gani.

Nina lawama moja kwa Ngũgĩ, marehemu tangu Mei 2025, na naitoa kwa heshima. Tunaingizwa ndani kabisa ya kichwa cha Mugo, cha Gikonyo na cha Karanja. Tunayajua majinamizi yao. Lakini ile saa ambayo Mumbi anaamua kutodai damu ya kaka yake haikupewa nafasi ya kutosha. Maumivu ya wakosaji yana kurasa nyingi, gharama ya msamehevu ina mistari michache. Labda ndivyo ilivyo hata makanisani mwetu: ushuhuda ni wa aliyeiba, aliyeibiwa hapewi kipaza sauti. Hapo naona kuna kazi iliyobaki, na iliyobaki ni yetu.

Kwa hiyo nimeichana ile kurasa ya daladala. Mhusika wangu sasa anaamka Jumatatu akiwa hai, tena amesamehewa, na anatakiwa kupita mbele ya nyumba ya wafiwa aende kazini, maana njia ni hiyo moja. Mama wa marehemu anafagia uwanja. Ameinua kichwa, amemwona. Nimekwama hapo kwa mwezi mzima. Zamani nilidhani kukwama ni dalili ya hadithi mbovu; sasa nadhani nilikuwa nawahi kuiua kabla haijaanza.

Hayo ndiyo maoni yangu, na najua si wote mtakubali. Wapo watakaosema nimeitwika riwaya ya siasa mzigo wa kanisa, na wapo watakaosema nimelitwika kanisa mzigo wa riwaya. Someni kitabu chenyewe, kisha mniandikie hapa hapa gazetini. Ila atakayenijibu anieleze kwanza: Mumbi alipokaa na siri ile, usiku ule kabla ya mkutano, alikuwa anawaza nini? Mimi nimejaribu kuandika ukurasa huo mara tatu, bado sijaupata.